Walisema Twaibah Alikuwa Amelewa

Wanyama, Jumanne ile ya tarehe nne Machi ndiyo ilinimaliza. Lori la jeshi lilimgonga Twaibah wangu pale Walukuba. Redio ikasoma tangazo la msiba, halafu habari: mama huyo alikuwa amelewa.

Amelewa! Mke wangu wa swala tano! Kaka zake walisikia kule Mbale, wakakataa kunipa mkono kaburini.

Sasa leo afande mkuu wa kambi ya jeshi ameita mkutano hapa Jinja. "Wananchi, redio zinadanganya. Jeshi lizifanye nini?"

Nikaruka juu. "Wachape kiboko, afande! Walimwita mke wangu mlevi!" Watu makofi. Ndugu yangu, nilisikia raha.

Kumbe mtangazaji aliyesoma habari ile yuko pale pale. Akasimama na karatasi. "Mzee Kirunda, mimi nilisoma tu. Hii ililetwa kutoka kambini."

Muhuri wa kambi, Wanyama. Muhuri!

Nikamwambia, "Afande, kile kiboko sasa tumchape nani?" Akaangalia saa, akapanda gari.

Karatasi ninayo, mtangazaji ameniachia. Kila Ijumaa nikitoka msikitini nitasimama kwenye geti la kambi yao niisome kwa sauti, waaibike kama nilivyoaibika, mpaka waniambie: nani aliandika kwamba Twaibah alikuwa amelewa?