Kikohozi Chako Kimefika Rumonge

Mama, amahoro.

Nimefika salama kwa boti, maana barabarani bado vita. Nimewakuta wale watoto wa kambini ninaowatumia masomo kwenye kaseti. Wamekaa chini ya michikichi, wanafundishwa na sauti yangu kutoka kwenye redio ya kaseti. Unakumbuka nilivyorekodi hesabu jikoni, ukakohoa, nikakukasirikia? Kaseti ikifika pale penye kikohozi, darasa zima linaitikia: «Pole, mama!» Saba mara nane inangoja kwanza.

Waliponitambua hawakuuliza habari za Bujumbura. Waliuliza: «Madamu, ule mama alishapona?»

Nimejibu ndiyo. Nitakuletea visamaki vya ndagala vya mchuzi, ila dawa uzimeze, mama. Sijawahi kuwadanganya wanafunzi.

Mwanao,
Zaina