Dawa ya Domitila Imebaki Lidcombe

Jumamosi, Blacktown. Joto la kubandua rangi ukutani, nami silisikii. Siku hizi sisikii kitu.

Wiki hii watu wa kanisa walituhamisha kutoka mtaa wa Lidcombe, mwendo wa treni, tuje kwa binti yetu. Kwetu Warundi mgonjwa wa kansa haachiwi mzee mmoja asiyejua hata kupika uji. Wakabeba godoro, masufuria, mpaka ndoo iliyotoboka. Dawa ya maumivu ya mke wangu, Domitila, hakuna aliyekumbuka itachukuliwa wapi. Iliyokuwa chupani imeisha asubuhi.

Nikaenda famasi ya jirani. Dada wa kaunta akanieleza polepole, kama anayelisha mtoto. Dawa kali namna hii sheria imezibana. Cheti cha daktari bado kinaruhusu kuchukua mara moja tena, lakini kinakaa famasi ileile iliyotoa dawa mwanzo. Hawawezi kukituma huku. Niende Lidcombe, au daktari aandike kipya.

Daktari wetu hafungui mpaka Jumatatu.

Nikamwuliza, "Kwa hiyo dawa imeolewa Lidcombe, hairuhusiwi kulala nje?"

Akacheka. "Ndivyo, babu. Lakini kimbia, leo wanafunga mapema."

Kwenye treni nilijaribu kuogopa, nikashindwa. Mke wangu anauma meno nyumbani, na mimi natazama mapaa ya maghala yanavyopita. Nimekuwa gogo.

Famasi ya Lidcombe nikawakuta wanateremsha shata la mlango. Nikaingiza mguu.

"Mzee, utavunjika!"

"Utanitibu wewe, si una dawa?"

Mfamasia akanifungulia huku anatikisa kichwa. Akaitoa dawa kwenye kabati la chuma, akasema hiyo ndiyo ya mwisho kwa cheti kile. Kipya tukianzishe Blacktown, karibu na nyumbani, tusihangaike tena.

Nyumbani Domitila alimeza, uso ukalegea kidogo kidogo. Usingizi ulipomkaribia akasema, "Jumatatu usimwombe daktari aandike nyingi, mzee. Zitabaki."

Mimi ninayetania wachungaji mpaka makaburini, nilifunga tu kifuniko cha chupa. Machozi hayakuja. Nikamfunika miguu, ingawa nyumba nzima inatokota.

Jumatatu nitamwomba daktari aandike zote ambazo sheria yao inamruhusu, asibakize hata moja. Domitila atanigombeza.

Anigombeze.