Hasara ya maua ya Timau

Wambeti, uko? Nimetoka mkutanoni sasa hivi.

Mkurugenzi amekuja shambani kutangaza zahanati yetu inafungwa. Ati kampuni imepata hasara tena. Hasara! Na mimi wa uhasibu ndiye nimewekwa kumtafsiria kwa Kimeru.

Nikatafsiri. Nikitazamana na Kathure wa kupaki maua, na hiyo mimba yake kubwa.

Kathure akauliza, "Kiende, maua si yanatoka hapa kila siku? Hasara inatoka wapi?"

Nikashindwa kunyamaza. Nikawaambia kampuni inajiuzia maua yenyewe kwa bei ya kutupa, kupitia ofisi yake ya kisiwa fulani ng'ambo. Ofisi hiyo inayauza tena kwa bei kamili, na faida inabaki huko kusiko na kodi. Huku tunaachiwa hasara.

Mkurugenzi: "Umewaambia nini?"

Nikamwambia. Hata hakukasirika! Akatabasamu. "Waambie ni halali."

Halali, Wambeti! Na mbaya zaidi, ni kweli.

Nikawatafsiria hiyo pia. Kathure akauliza tu, "Sasa nitazalia wapi?"

Nikamtafsiria mkurugenzi. Akasema hilo tuulize serikali.

Serikali! Hiyo hiyo wanayoinyima kodi.