Emmett Katupa Ubao

Kenzie, umekosa! Maonyesho ya kaunti leo, nguruwe wawili wamepigana ulingoni, jaji anatazama, na Emmett wetu katikati yao!

Nguruwe wa Colton kamvamia Biskuti, nguruwe wa Emmett, kamrarua sikio. Lile shati jeupe la Emmett sasa limejaa damu kama la muuza nyama.

Kwenye klabu yetu ya ufugaji tunaimbiwa kila siku: wakipigana ingiza ubao kati yao, usiingize mkono. Emmett katupa ubao, kaingiza mkono. KATUPA UBAO, Kenzie!

Colton anapiga kelele, "Ubao, bwege wewe, ubao!" Wapi! Meno yamezama kiganjani mwa Emmett hadi mfupa.

Jaji kauliza, "Yupi kakung'ata? Anayeng'ata mtu anatolewa mashindanoni."

Emmett, machozi tele: "Wa Colton."

Colton kamtazama weee, kasema tu, "Haya," kamtoa nguruwe wake.

Mimi nilikuwa pale uzioni, shosti. Aliyeng'ata ni Biskuti.