Mtungi wa Kuzimia Moto Uliofungwa kwa Tepu

Baba Kerttu,

Supu ya samaki iko kwenye friji. Paka hajala. Sauna usiwashe, hakuna wa kuoga nawe. ~~Nitarudi jioni.~~ Nitarudi Kerttu akiruhusiwa kutoka hospitali.

Najua uko kwa rafiki yako Reijo, unamsimulia ulivyomkwepa yule kulungu asubuhi. Basi msimulie yote. Mwambie mtungi wa kuzimia moto uliufunga kwa tepu chini ya kiti cha mbele, maana ulisema ukitoboa sakafu kutia bolti, chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu itaingia na gari litaliwa na kutu. Ulipokanyaga breki mtungi ukachomoka, ukamvunja binti yako kifundo cha mguu. Mtoto analia, nawe unauliza, "Dashibodi imepasuka?"

Haikupasuka, mume wangu. Pole.

Dada yangu ananisubiri nje, lakini kwanza nimechukua drili yako. Mtungi sasa umeshikwa na bolti nne, zimepenya sakafu hadi chini, hautikisiki hata ukiupiga teke. Sakafu ilipiga kelele kweli, ila si kama alivyolia Kerttu.

Kopo lako la rangi ya kuzuia kutu usilitafute. Nimelimwaga.

Mama Kerttu