Kisu cha Mfukoni mwa Mzee Saidi

Mjukuu wangu Divine,

Natangaza rasmi, kwa niaba ya familia nzima ya Gihosha, kwamba jogoo wa bibi yako amehamia kwa jirani kwa hiari yake. Sisi tuliobaki ni wazima, tunakusalimu.

Unauliza kama ushone harakaharaka, maana wateja wanaagiza mikoba mingi kuliko mikono yako. Nikiwa kijana, Mzee Saidi wa Buyenzi alitengeneza visu vya kukunja peke yake, kwa springi za gari na pembe za ng'ombe. Kila kisu kipya alikiweka kwanza mfukoni mwake, akakimenyea machungwa mpaka aridhike na mlio wake kinapofungwa. Wateja walinung'unika, lakini hawakwenda kwa mwingine.

Baba yangu alikuwa mgonjwa wa kufa, na alitamani kisu cha Mzee Saidi. Nikaenda.

"Mzee, nifanyie haraka kidogo. Baba hana siku nyingi."

"Apana, mutoto. Cha haraka hakitakuwa changu."

Akatoa mfukoni kisu chake mwenyewe, kile cha miaka yote, akakifuta kwenye suruali.

"Peleka hiki. Mi nitangoja zamu yangu, kama wengine."

Sijui kama hilo linakujibu. Mimi bado nalifikiria.

Baba alikipokea kwa mikono miwili. Akakifungua, akakifunga, akasikiliza ule mlio, macho yakamlowa. Kisha akakata kucha.

Babu yako