Vyungu Nilivyouza kwa Jina Lako

Mama yangu uliyelala Ikombe,

Nina jambo la kuungama, na ungekuwa hai ungenifinya sikio kabla sijamaliza. Tangu tukuzike, nimekuwa nikiuza vyungu vyangu nikisema ni vyako.

Haikuanza kwa ubaya. Baada ya matanga nilivuka kwa mtumbwi na vyungu ulivyoviacha, vikaisha mapema tu pale sokoni Lyulilo. Juma lililofuata wateja wakaja wakiuliza, "Vya mama vimebaki?" Nikasema vimebaki. Nikawa nafinyanga, nachora mistari yako shingoni kwa udongo mweupe, nasugua kwa jiwe lako, nachoma. Mwaka mzima, Mama, marehemu anatoa vyungu vipya! Niliogopa kwamba bila jina lako hakuna atakayenitazama mara mbili.

Nilisahau kisa chako na Bibi. Ulinisimulia alivyokufunga mkono wa kushoto kwa kitambaa, ili ufinyange kwa wa kulia kama wenzako. Vyungu vikatoka kombo, hata yeye akachoka. Akakufungua mwenyewe akisema, "Haya, fanya unavyojua." Siku ile tulicheka mpaka ukamwaga maji ya udongo, nami nikafua kanga zetu zote mbili.

Sasa sikia. Juma lililopita alikuja sokoni Bi Zaina, yule mwenye duka Kyela mjini, mteja wako tangu sijazaliwa. Akagonga chungu kwa kidole, akasikiliza, akakigeuza.

"Mwanangu, hiki kafinyanga nani?"

"Mama."

"Mama yupi? Mistari ya mama yako ililalia kushoto. Hii imelalia kulia."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia pale, mbele ya wafinyanzi wenzangu wote.

"Ni mimi, Bi Zaina. Nisamehe."

"Chungu hakina kosa, nakichukua. Lakini marehemu mwache apumzike. Jumamosi niletee vyako."

"Ndaga fijo," nikamshukuru.

Nilirudi nikilia mtumbwini, na kilikuwa kilio kitamu. Ni kama nimetua mtungi niliobeba mwaka mzima bila kata kichwani. Ila kesho yake nilikaa na chungu kibichi mapajani, mkono haujui pa kwenda. Mara mbili nilichora mistari yako, mara mbili nikaifuta. Mwishowe nikachora masuke ya mpunga yaliyoinama, mengine marefu, mengine mafupi, kama yalivyonijia. Shangazi akapita, akaguna, akaenda zake.

Jana nilipanga sita mchangani. Kila aliyeuliza nilimjibu, "Mama alishafariki. Hivi ni vyangu." Bi Zaina alichukua viwili bila maneno mengi, vingine viwili vikaenda Malawi. Mama mmoja alishika kilichofuata, akakirudisha chini. "Mimi hiki sikipendi," akasema. Mama, sikuumia hata kidogo! Mwaka mzima nilisifiwa sifa zako. Jana, kwa mara ya kwanza, mtu alinikataa mimi.

Viwili vilivyobaki nimerudi navyo, na kimoja napikia maharage sasa hivi.

Lala salama, Mama. Jina lako nimekurudishia, halina ufa.

Kitindamimba wako